Maoni ya wateja wa migahawa nafuu ya Japani yasomwe, yasihesabiwe nyota tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nijibu makala ya safari iliyochapishwa hivi karibuni katika gazeti lako, ambayo iliwashauri watu wetu wanaokwenda Japani kwa masomo, biashara au mikutano wasiingie katika mgahawa wowote ambao wateja wameupa chini ya nyota 4 mtandaoni. Mwandishi alikuwa na nia njema, na mengi aliyoyaeleza kuhusu treni na nyumba za kulala wageni ni sahihi. Hata hivyo ushauri huo mmoja, ukifuatwa, utamfanya msomaji wako aipite milango ya migahawa ile ile ambayo Wajapani wa kawaida hula kila siku, kisha akalipe mara tatu au nne ya bei katika sehemu zilizoandaliwa kwa ajili ya watalii. Ninaishi Nagoya, na sehemu ya kazi yangu ni kuwapokea wageni kutoka Afrika Mashariki, hivyo suala la wapi pa kula kwa bei ya kadiri huulizwa kwangu kabla mgeni hajafungua mizigo yake.

Nieleze kwanza aina ya migahawa ninayoikusudia, kwa sababu kwetu chakula cha Kijapani kimezoeleka kuwa chakula cha watu wenye nafasi, kinacholiwa kwa nadra katika mitaa ya kifahari ya Nairobi na Dar es Salaam. Majaribio ya kukileta kwa bei ya mwananchi wa kawaida yamekuwapo, kama pale kampuni ya Toridoll, inayomiliki migahawa ya tambi za udon iitwayo Marugame Seimen, ilipofungua mgahawa wa kuku wa teriyaki, yaani aliyepakwa mchuzi mtamu wa soya, jijini Nairobi mwaka 2015, lakini sura ya jumla haijabadilika sana. Japani kwenyewe mambo ni kinyume. Karibu na vituo vikubwa vya treni hukosi migahawa midogo inayouza bakuli la wali lililofunikwa kwa nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba na kuchemshwa pamoja na vitunguu katika mchuzi wa soya wenye utamu kidogo, chakula kiitwacho gyudon, na nafasi yake katika maisha ya watu ni ile ile ya mama lishe kwetu: hapo hula dereva wa teksi, mwanafunzi, mzee anayeishi peke yake na karani aliyechelewa kazini. Kampuni zinazojulikana zaidi kwa chakula hicho ni Yoshinoya, Sukiya na Matsuya. Mteja huketi kwenye kaunta, au hununua kwanza tiketi katika mashine iliyo karibu na mlango, hupewa maji au chai bila malipo, hujichotea tangawizi nyekundu iliyosindikwa kadiri apendavyo, hula kwa dakika chache na kuondoka. Hakuna bakshishi. Hakuna anayekaa kupiga soga, kwa maana nyuma yake huenda mwingine amesimama akisubiri kiti.

Yoshinoya ilianza mwaka 1899 katika soko la samaki la Nihonbashi, Tokyo, ikiwalisha watu wa sokoni ambao hawakuwa na muda wa kupoteza, na sifa tatu inazojinadi nazo tangu zamani ni utamu, unafuu na wepesi. Mteja wa Kijapani huingia humo akiwa na matarajio hayo matatu, na huandika maoni yake kwa kuyafuata. Hatazami mapambo, wala hatarajii mhudumu amwulize habari za familia. Hutazama kama wali ulikuwa mkavu au ulizidi maji, kama nyama ilikuwa na mafuta kwa kiasi chake, na kama bakuli lilifika upesi. Wako wateja wa kudumu wanaoomba waongezewe mchuzi juu ya wali, jambo lisilotozwa senti, na hao huweza kuandika aya nzima wakilinganisha mkono wa mpishi wa tawi hili na wa tawi la mtaa wa pili. Kwa mgeni, maandishi ya namna hiyo yana faida kuliko nyota zote, lakini mara nyingi yamewekwa chini ya nyota 3.

Hapa ndipo ushauri wa makala yenu unapoharibika. Tabelog, huduma ya Kijapani ya maoni kuhusu migahawa iliyoanzishwa mwaka 2005 na kampuni ya Kakaku.com, hutumia kipimo cha hadi 5, lakini alama haipatikani kwa kujumlisha na kugawanya tu: maoni ya mtu aliyezoea kula na kuandika huhesabiwa kwa uzito mkubwa kuliko ya aliyeandika mara moja na kutoweka. Kwa maelezo ya huduma yenyewe, migahawa inayofika 3.5 na kuendelea ni kama asilimia 3 tu ya yote. Mgahawa wenye 3.2 ni mgahawa mzuri wa kawaida, na wenye 4 kwa kawaida ni wa kuwekewa nafasi mapema na kulipiwa fedha nyingi. Msomaji wako akifungua huduma hiyo na kufuata kanuni ya nyota 4, atalala njaa, au atatumia posho yake yote ya wiki kwa mlo mmoja.

Kwenye ramani za Google hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa huko Wajapani na wageni huandika katika uwanja mmoja wakiwa na desturi mbili za kutoa alama. Mjapani aliyeridhika kabisa anaweza kuandika kwamba chakula kilikuwa cha kawaida, akatoa nyota 3, na wiki ijayo akarudi palepale. Mtalii hutoa 5 kwa sababu alifurahi kuwa Japani, au hutoa 1 kwa sababu hapakuwa na menyu ya Kiingereza. Ukizichanganya alama hizo mbili unapata wastani usioeleza matarajio ya yeyote kati yao. Nimesoma malalamiko ya wageni waliokasirika kwa kuketishwa kwenye kaunta, waliodhani wanafukuzwa kwa sababu chakula kililetwa haraka mno, na waliompa mgahawa nyota moja kwa sababu mhudumu alikataa bakshishi. Baada ya Japani kutoa noti mpya tarehe 3 Julai 2024, mashine nyingi za tiketi katika migahawa midogo hazikuweza kuzipokea, kwa maana mwenye mgahawa wa bei nafuu hana fedha za kubadilisha mashine kwa siku moja, na hasira ya kukataliwa noti ikawa nyota moja kwa wali ambao haukuonjwa. Malalamiko hayo ni ya kweli kwa walioyapata. Lakini hayamwambii msomaji wako lolote kuhusu chakula.

Tena kuna mapenzi ya nyumbani, ambayo huvuta alama upande wa pili. Hapa Nagoya tuna Sugakiya, iliyoanza mwaka 1946, inayouza rameni, yaani tambi zilizo ndani ya mchuzi, kwa bei ndogo katika kumbi za chakula za maduka makubwa, na mteja hupewa kijiko chenye meno ya uma ili anywe mchuzi na kula tambi kwa chombo kimoja. Mzaliwa wa hapa huandika habari zake kwa huruma ya mtu anayemsifia bibi yake: alipelekwa na mama yake baada ya shule, alikula aiskrimu baada ya rameni, na kadhalika. Mtu wa Tokyo akila rameni hiyo hiyo huandika kwamba ni nyepesi na haina la ajabu. Mimi naona wote wawili wamesema kweli. Mgeni kutoka Morogoro akisoma maneno yao atajua la kutarajia. Akisoma wastani wao hatajua chochote.

Bei nayo hubadilisha maoni hata pale chakula kinapobaki kilekile. Mwaka 2001 bakuli la kawaida la Yoshinoya liliuzwa kwa yeni 280, na Wajapani wengi wa makamo bado wanaipima migahawa hii kwa bei ya wakati huo, ingawa mishahara, nyama na nishati havikubaki hapo. Mchele ulipopanda karibu maradufu katika kipindi cha mwaka mmoja, hadi mfuko wa kilo 5 ukazidi yeni 4,000 katika miezi ya kwanza ya 2025, Sukiya ilipandisha bakuli lake la kawaida hadi yeni 480 mwezi Machi, kisha ikalishusha hadi 450 mwezi Septemba mwaka huohuo, ikiwa ni mara ya kwanza kwa kampuni hiyo kupunguza bei katika miaka 11. Yeni 450 ni yapata dola 3 za Marekani. Kwa mgeni ni bei ya kushangaza kwa unafuu wake, lakini kwa mwenyeji anayekumbuka 280 ni bei ya kulalamikia, naye hulalamika kwa kupunguza nyota. Tarehe ya maoni, kwa hiyo, ni sehemu ya maoni yenyewe.

Nisije nikaeleweka kwamba ninawadharau wateja wa Kijapani kwa ukali wao, nitoe mfano unaowapa haki yao. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulipogunduliwa Marekani mwishoni mwa 2003 na Japani ikafunga mlango kwa nyama ya huko, Yoshinoya iliacha kuuza gyudon mwezi Februari 2004 badala ya kutumia nyama ya nchi nyingine, kwa hoja kwamba ladha ingebadilika na wateja wangeitambua tofauti. Wateja walipanga foleni kula mabakuli ya mwisho. Sukiya ilichagua njia nyingine, ikarudisha gyudon mwezi Septemba 2004 kwa nyama ya Australia, wakati Yoshinoya ilingoja hadi Septemba 2006. Kampuni inayouza chakula cha bei ya chini kabisa kukubali kukaa zaidi ya miaka miwili bila chakula chake kikuu kwa kuhofia ndimi za wateja wake ni ushahidi wa kutosha kwamba mtu anayekula kwa yeni mia chache ana maoni yanayostahili kusikilizwa kwa makini.

Swali la nani anayeamua uzito wa maoni hayo lilifika hata mahakamani. Kampuni moja inayoendesha migahawa ya nyama choma ya Kikorea nchini Japani ililalamika kwamba mwezi Mei 2019 Tabelog ilibadilisha kanuni yake ya kukokotoa kwa namna iliyoshusha alama za migahawa yenye matawi, na wateja wake wakapungua. Tarehe 16 Juni 2022 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo iliipa ushindi, ikaamuru ilipwe yeni milioni 38.4, lakini tarehe 19 Januari 2024 Mahakama Kuu ya Tokyo ilitengua hukumu hiyo. Sina elimu ya sheria ya kusema nani alistahili. Jambo linalonihusu ni dogo zaidi: ikiwa majaji wa ngazi mbili wametofautiana kuhusu uhalali wa namna alama ya mgahawa wenye matawi inavyokokotolewa, sioni kwa nini gazeti letu liichukue alama hiyo kama mizani iliyokwisha kupigwa muhuri wa serikali.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wazee wetu, lakini mtandaoni hata chema hulazimika kujitembeza, na wengine hutembezwa kwa malipo. Mapema mwaka 2012 iligundulika Japani kwamba kulikuwa na wafanyabiashara waliokuwa wakilipwa na migahawa ili waandike sifa za uongo katika Tabelog. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023 tangazo linalovaa nguo za maoni ya mteja ni kosa chini ya sheria ya Japani inayosimamia zawadi na maelezo ya kupotosha katika biashara, na hatua ya kwanza chini ya kanuni hiyo ilichukuliwa mwezi Juni 2024, si dhidi ya mgahawa, bali dhidi ya kliniki moja ya Tokyo iliyowapunguzia bei ya chanjo ya mafua waliotoa nyota 4 au 5. Zingatia, Ndugu Mhariri, kiwango kilichokuwa kikinunuliwa: ni kile kile mwandishi wenu alichokiweka kuwa alama ya usalama. Aidha, sheria ya Japani ya kashfa inaweza kumwajibisha mtu hata kwa jambo la kweli, isipokuwa lihusu maslahi ya umma, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya wenyeji waandike lawama zao kwa upole ambao mgeni anaweza kuudhania kuwa sifa.

Mfano mkubwa kuliko yote, na ambao kila mtu hapa bado anaukumbuka, ni ule wa panya wa Tottori. Asubuhi ya tarehe 21 Januari 2025, mteja wa tawi la Sukiya katika mji huo alikuta panya ndani ya bakuli la supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, kabla hajainywa. Picha yake iliwekwa katika sehemu ya maoni ya wateja kwenye ramani ya Google. Ilipoanza kusambaa, wengi waliiona wakasema ni ya kutengeneza. Nadhani walikuwa na sababu, maana miaka miwili tu kabla, mwezi Januari 2023, nchi nzima ilikuwa imetazama video ya kijana aliyeramba chupa ya mchuzi wa soya katika mgahawa wa sushi ambako sahani huzungushwa kwa mkanda mbele ya wateja, na tangu hapo watu walizoea kumshuku mteja mwenye simu kwanza, mgahawa baadaye. Kampuni ilinyamaza mbele ya umma kwa miezi miwili. Tarehe 22 Machi ndipo ilipokiri kwamba picha ilikuwa ya kweli na kwamba mfanyakazi hakulikagua bakuli kwa macho kabla ya kulipeleka kwa mteja. Siku chache baadaye mteja wa tawi la Akishima, Tokyo, alikuta mdudu katika chakula, na kuanzia asubuhi ya tarehe 31 Machi hadi asubuhi ya tarehe 4 Aprili Sukiya ilifunga karibu matawi yake yote, yanayokaribia 2,000, ili kuyasafisha na kuziba mianya. Baada ya hapo iliacha desturi ya kufungua saa zote 24, ikatenga saa moja ya usiku wa manane kwa usafi.

Sasa tuupime ushauri wa nyota 4 kwa tukio hilo. Chukulia tawi lenye maoni 300 na wastani wa 3.6. Mteja mmoja akitoa nyota 1 na picha ya panya, wastani huo utashuka kwa chini ya sehemu moja ya mia. Kwenye simu ya msafiri bado utasomeka 3.6. Taarifa muhimu kuliko zote katika ukurasa mzima haikuweza kuonekana ndani ya tarakimu. Aliyepitia maoni ya chini kabisa, akatazama picha na tarehe, angeiona wiki kadhaa kabla ya kampuni kufungua kinywa. Angeweza pia kutoiamini, kama wengi walivyofanya, lakini angekuwa na kitu cha kuamua nacho. Kwa hiyo mimi huwaambia wageni wangu waanze na maoni ya nyota 1 na 2 ya miezi ya karibuni, wayatenganishe yanayohusu uchafu na chakula na yale yanayohusu tabasamu la mhudumu, kisha ndipo wapande juu.

Kuhusu tabasamu hilo nina neno la ziada. Mwaka 2014 Sukiya iliingia katika mgogoro kwa sababu ya kuendesha matawi usiku kucha kwa mfanyakazi mmoja peke yake, ambaye alipika, akapeleka chakula, akaosha vyombo na kupokea fedha, na kamati huru iliyoundwa kuchunguza hali hiyo ilieleza mwezi Julai mwaka huo kwamba walikuwapo waliofanya kazi zaidi ya saa 500 kwa mwezi. Kuanzia Oktoba 2014 mtindo wa mtu mmoja usiku ulisitishwa, na matawi zaidi ya elfu moja yakaacha kufungua usiku wa manane kwa kukosa watu. Leo miongoni mwa wanaohudumu katika kaunta hizi wako wanafunzi wa kigeni, ambao sheria inawaruhusu kufanya kazi saa 28 kwa wiki katika muda wa masomo. Mteja anapoandika saa nane za usiku kwamba meza ilikuwa na mabaki na mhudumu alichelewa, aliyoyaona ni kweli, lakini alama yake inamwangukia kijana aliye zamu, ilhali aliyepanga zamu hiyo yuko nyumbani amelala. Ningependa msomaji wako aangalie saa iliyotajwa katika maoni kabla ya kuhukumu tawi, na kama na yeye atataka kuandika lake, aitaje.

Limebaki jambo ambalo kwa wasomaji wenu wengi, hasa wa pwani na visiwani, ni zito kuliko haya yote, na makala haikuligusa. Nyota hazimwambii Mwislamu kama chakula kinamfaa. Mchuzi wa gyudon mara nyingi hutiwa divai au sake, yaani pombe ya mchele, nyama haikuchinjwa kwa taratibu za dini, rameni nyingi hutokana na mifupa ya nguruwe, na hiyo Sugakiya niliyoisifia ina nguruwe katika mchuzi wake. Migahawa mingi yenye matawi hutoa jedwali la viambato vinavyodhuru baadhi ya watu, na humo nguruwe kwa kawaida hutajwa, kwa sababu yumo katika orodha ya vitu ambavyo serikali hupendekeza vitajwe katika vyakula vya pakiti. Pombe haimo katika orodha hiyo. Mtu anaweza basi kusoma jedwali lote, akaona hakuna alama kwenye safu ya nguruwe, akadhani amemaliza uchunguzi. Anayemsaidia hapo ni mteja mwenzake. Waislamu wa Indonesia na Malaysia wanaoishi au kutembelea Japani wana desturi nzuri ya kuandika waziwazi kwamba waliuliza kuhusu mchuzi, wakajibiwa hivi, wakala kile na kuacha kile. Maoni ya namna hiyo huwa na nyota yoyote ile, 2 au 5, na thamani yake haibadiliki. Wasiokula nyama nao wajue kwamba supu ya miso na mchuzi wa udon kwa kawaida hutengenezwa kwa samaki mkavu, hata pale kinachoonekana bakulini ni mwani na tofu peke yake.

Nimeandika kwa kirefu kwa sababu TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika kuhusu maendeleo, uliofanyika Yokohama mwezi Agosti 2025 uliwaleta watu wetu huku, na safari za wanafunzi zinaendelea kuwaleta, na wengi wao huja na posho ya kuhesabu. Ombi langu kwa meza yako ya uhariri ni kwamba makala ijayo ya safari iache kikomo cha nyota, na badala yake mwandishi ataje mgahawa uko karibu na kituo kipi, aliingia saa ngapi, alikula nini, alilipa yeni ngapi, mashine ilipokea fedha za namna gani, na kama aliuliza habari za nguruwe na pombe alijibiwaje. Ningeomba pia uwahimize wasomaji waliokwisha kufika Japani waandike maoni yao kwa Kiswahili palepale kwenye ramani, kwa kuwa katika kurasa zote ninazozipitia kwa ajili ya wageni wangu ni nadra mno kukuta sentensi moja ya lugha yetu. Iwapo mwandishi wenu atapenda kuanza na Nagoya, niko tayari kumpa orodha ya matawi yaliyo karibu na kituo kikuu, pamoja na yale ambayo mimi mwenyewe siyapendi, na sababu zake.

Wako mtiifu,
Msomaji wako,
Nagoya, Japani.